Ukoo wa Kennedy na Majina Yasiyotajwa

Sisi tuliokuwa vijana miaka ya uhuru tulilijua jina la Kennedy kabla hatujajua Marekani iko upande gani wa bahari. Rais John Kennedy alipopigwa risasi Dallas, Novemba 22, 1963, Kenya ilikuwa imebakiza siku ishirini ijitawale. Wazazi wengi waliwapa watoto wao jina lake, na ukiliita leo katika umati wa watu Kisumu au Nakuru, hataitika mmoja.

Vijana wanaponiuliza habari za ukoo huo, huulizia walioshika vyeo. Mimi huanza na mjane.

Mjane huyo ni Bridget Murphy. Yeye na Patrick Kennedy walitoka Wexford, Ireland, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani na watu wakakimbilia merikebu. Walioana Boston mwaka 1849. Patrick, fundi wa mapipa, alifariki mwaka 1858, akamwachia mkewe watoto wanne, na kitinda mimba hajatimiza mwaka. Bridget alifanya kazi kwenye nyumba za watu, kisha akafungua duka dogo East Boston. Kitinda mimba huyo, Patrick Joseph, alianza kama kuli bandarini, akanunua baa, na mwaka 1884 akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo la Massachusetts. Mama yake aliishi akayaona hayo. Alifariki mwaka 1888, mwaka uleule aliozaliwa mjukuu wake Joseph.

Joseph alisoma Harvard, akatajirika kwa benki, hisa na sinema. Mwaka 1938 Rais Roosevelt alimteua balozi Uingereza. Mjukuu wa waliokimbia njaa akaenda kusimama mbele ya mfalme wa dola iliyoitawala Ireland katika njaa ile. Mkewe, Rose, alikuwa binti wa John Fitzgerald, aliyepata kuwa meya wa Boston. Mwaka 1916 Fitzgerald aligombea useneta akashindwa na Henry Cabot Lodge, mtu wa familia kongwe za Boston. Mwaka 1952 John Kennedy, mjukuu wa Fitzgerald, alikitwaa kiti kilekile kutoka kwa mjukuu wa Lodge. Katika ukoo ule, deni la babu lililipwa na mjukuu.

Joseph na Rose walizaa watoto tisa, kati ya 1915 na 1932. Kizazi hicho ndicho ninachokitafakari zaidi. Joseph mdogo, kifungua mimba, ndiye baba yake aliyemwandalia urais; ndege yake ya kivita ililipuka angani mwaka 1944. Kathleen alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1948. John aliuawa mwaka 1963, na Robert mwaka 1968. Edward alikaa katika Seneti miaka 47. Rose aliishi miaka 104, akafiwa na watoto wanne yeye akiwa hai. Mama gani huomba umri mrefu ili aone hayo?

Lakini yupo Rosemary, binti wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1918. Alikuwa mzito wa kujifunza, katika nyumba ambayo kila mtoto alitakiwa kushinda. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 23, madaktari walimpasua ubongo kwa uamuzi wa baba yake, aliyeahidiwa kwamba binti atatulia. Alitoka akiwa hawezi kutembea wala kusema sawasawa. Akapelekwa kwenye kituo cha matunzo, akaishia Wisconsin hadi alipofariki mwaka 2005. Kwa miaka mingi ukweli wake haukusemwa hadharani, huku picha za ndugu zake zikizunguka dunia na kufika hadi kwenye kuta za sebule zetu. Baba yule alikuwa na fedha, elimu na madaktari wa kuchagua. Alichokosa ni moyo wa kumpokea mtoto jinsi alivyo, na fedha haikumpa.

Aliyevunja ukimya huo ni Eunice, mdogo wake. Mwaka 1962, kaka yao akiwa Ikulu, aliandika habari za Rosemary katika gazeti lililosomwa Marekani nzima. Mwaka huohuo aliufungua uwanja wa nyumba yake Maryland uwe kambi ya michezo ya watoto wenye ulemavu wa akili. Julai 1968, wiki sita baada ya kumzika Robert, alisimama Chicago akafungua mashindano ya kwanza ya Special Olympics. Leo michezo hiyo ina wanamichezo katika nchi zaidi ya 170, Kenya na Tanzania zikiwamo.

Kwetu pia mkono wa familia ile ulifika. Mwaka 1946 ilikuwa imeanzisha mfuko kwa kumbukumbu ya kifungua mimba wao aliyekufa vitani, na kazi kubwa ya mfuko huo ikaja kuwa kuwahudumia wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1960 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alimfuata Seneta John Kennedy nyumbani Hyannis Port kuomba nauli za wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakienda kusoma Marekani, na mfuko ukatoa dola 100,000. Ulikuwa mwaka wa kampeni, na kura za Wamarekani Weusi zilitafutwa kwa udi na uvumba, hilo halifichiki. Hata hivyo ndege ziliruka, na Wangari Maathai akafika chuoni Kansas, safari iliyokuja kumfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Vilembwe wa Bridget na watoto wao nao wameonja siasa. Caroline, binti wa Rais John, alipata kuwa balozi Japani na Australia. Robert mdogo alikihama chama cha baba yake, na mwaka 2025 akawa waziri wa afya wa Rais Trump, ndugu zake wakimpinga hadharani. Mwaka 2020 Joseph wa tatu, mjukuu wa Robert aliyeuawa, aliukosa uteuzi wa useneta katika Massachusetts ileile. Jina peke yake halimbebi mtu milele. Vyeo vimekuja na kupita, ila michezo aliyoifungua Eunice bado ina watoto.

Kizazi changu kiliwatazama John na Robert, kikawahimiza watoto wake wasome wafike juu. Himizo lilikuwa jema, na matunda yake tunayaona. Lakini majumbani mwetu wapo hadi leo watoto wanaofungiwa chumba cha ndani mgeni akipiga hodi. Wazee walisema mficha uchi hazai, na ukoo wa Kennedy ulipoacha kuficha ndipo ulipozaa jambo lake kubwa kuliko yote.

Kwa hiyo, kijana unayekusanya nasaba ya kwenu, usianze na mbunge wala mkurugenzi. Uliza ni bibi yupi aliyewalisha yatima baada ya mumewe kufa, uandike jina lake kamili. Uliza pia ni nani ambaye hatajwi, na kwa nini. Na ukimkuta yu hai, usiishie kuandika: mtoe nje, akae barazani na wageni, aitwe kwa jina lake.