Mwisho wa Nguvu Zetu Uko Wapi?

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, Waafrika wawili walianza mbio moja, na wote wawili wakashindwa na miguu yao kabla ya kufika nusu ya njia. Wa kwanza alikuwa Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyekwisha kushinda mbio hizo ndefu za kilomita 42 mara mbili: huko Roma mwaka 1960, alipokimbia bila viatu, na huko Tokyo mwaka 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa tumbo na kutolewa kidole tumbo. Wa pili alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania.

Mji wa Mexico umejengwa juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Bikila alikuwa na mfupa wa mguu uliopata ufa. Alijikaza kwa muda, kisha akatoka mbioni, na ushindi ukaenda kwa ndugu yake wa Ethiopia, Mamo Wolde, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari naye alianguka wakati wakimbiaji walipokuwa wakisongana na kugombania nafasi. Goti lake likateguka na kuchanika, na bega likapiga barabara. Akafungwa bendeji, akaendelea. Alipoingia uwanjani ilikuwa imepita zaidi ya saa moja tangu mshindi kufika. Jua limekwisha kutua na watu wengi wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa 57, ndiye wa mwisho. Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Wasomaji wapenzi, habari ya Akhwari wengi wenu mnaijua, kwani walimu hupenda kuwasimulia wanafunzi wao. Mimi pia ni mwalimu, hapa Lubumbashi. Lakini kila ninapoisimulia, huiweka karibu na habari ya Bikila, aliyetoka. Sababu yake ni mguu wangu mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa safarini katika gari la mizigo lililopinduka. Mfupa wangu wa paja ulivunjika mahali pawili. Ulipounga, mguu wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kuume kwa sentimita tatu. Mganga aliyenitibu alisema kwamba nitatembea kwa fimbo siku zote, wala simlaumu, maana alisema alichokiona siku ile.

Shida kubwa niliikuta nyumbani. Mke wangu na binti zangu wananipenda, basi wakaniwekea kiti mlangoni. Nikitaka maji, mtoto amekwisha kuyaleta. Nikijaribu kusimama, sauti tatu zinauliza pamoja: «Baba, unataka nini?» Mama yangu akaja kutoka kijijini, akakitazama kile kiti, akasema, «Kaa, mwanangu, umekwisha kuteseka vya kutosha.» Wote walisema kwa huruma, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mtu akikudharau, hasira itakusimamisha. Lakini utamkasirikiaje mtoto anayekuletea maji? Nadhani mipaka mingi ya binadamu huwekwa namna hiyo, kwa upole, na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo sikuweza kukaa. Shuleni niliambiwa kwamba nafasi yangu itangojwa hadi Septemba, si zaidi. Shule iko kilomita nne kutoka kwetu, na kupanda pikipiki ya abiria asubuhi na jioni kungekula sehemu kubwa ya mshahara. Nina watoto wanne. Ilinipasa kutembea.

Nilianza na mwembe wa jirani, hatua tisini kwenda na tisini kurudi. Siku ya kwanza moyo ulinidunda kama mtu aliyekimbizwa na simba, na mwembe nikauona uko mbali kama Likasi. Fundi viatu wa sokoni akaniongezea soli ya sentimita tatu katika kiatu cha kushoto. Kazi hiyo ndogo ilinisaidia kuliko dawa nyingi. Baada ya mwezi nilifika njia panda. Septemba nilifika shuleni kwa miguu, nimechelewa, nimelowa jasho, lakini nimefika.

Siku hizo nilitaka kujua kwa nini hatua ya tisini ilionekana ya mwisho, na baada ya wiki mbili hatua ya mia tatu ikaonekana ya mwisho vilevile. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo. Mwaka 2010 Samuele Marcora na mwenzake walitoa habari ya jaribio walilowafanyia wachezaji kumi wa raga. Waliwaweka juu ya baiskeli isiyotembea, wakawaambia wakanyage kwa nguvu moja hadi watakaposhindwa kabisa. Waliposhindwa, papo hapo waliambiwa wakanyage tena kwa nguvu zao zote, kwa sekunde tano tu. Kumbe wale waliosema hawawezi tena walitoa nguvu iliyo karibu mara tatu ya ile iliyowashinda! Misuli haikuwa imekwisha. Kilichokwisha ni ile hiari ya kuendelea kubeba taabu, kwa kuwa uchovu ni neno ambalo akili hulisema mapema, kama mama wa nyumba anayesema unga umekwisha kumbe ameficha kibaba kimoja cha kesho.

Basi nikatamani kukijua kile kibaba changu. Kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi ni kilomita 30. Nikaazimia kwenda kwa miguu, kutembea kwa haraka na kukimbia kidogo kidogo pale mguu utakaponiruhusu. Mke wangu alicheka, kisha akanyamaza, kisha akamwambia binti yetu mkubwa anifuate kwa baiskeli. Tulijitayarisha mwaka mzima, kila Jumamosi, tukiongeza kilomita moja au mbili.

Jambo nililojifunza ni kwamba akili haipendi kuonyeshwa njia nzima. Ukiiambia «kilomita 30», inaketi chini. Ukiiambia «ile nguzo ya umeme», inainuka. Kwa hiyo niligawa safari kwa nguzo, na toka nguzo hata nguzo nilisali Salamu Maria moja. Sisemi kwamba sala ile ilikuwa safi. Nusu yake ilikuwa hesabu. Lakini Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa wakimbiaji uwanjani, basi natumaini atanitetea.

Safari ya kwanza, Julai 2017, haikufika. Katika kilomita ya 19 niliingiwa na maumivu ndani ya nyonga, upande wa mguu mfupi. Nilipunguza mwendo, hayakupungua. Nilisimama, nikanywa maji, nikala ndizi, nikaanza tena. Yakaongezeka kila hatua, mahali palepale, kama msumari. Binti yangu alilia, akanikumbusha Akhwari: «Baba, wewe mwenyewe ulitufundisha!» Nikamjibu kwamba siku ile Bikila alitoka. Tukapanda basi dogo, baiskeli juu, tukarudi nyumbani. Hospitali walikuta kano imevimba, nikapumzishwa wiki sita.

Hapa nataka kusema wazi, hasa kwa vijana. Uchovu huhamahama: mara magoti, mara mgongo, mara roho, ukila, ukinywa, ukienda polepole, husikia. Jeraha halihami wala halisikii. Mwenye homa ya malaria hapaswi kukimbia, hata akiitwa shujaa. Wala mwenye ugonjwa wa siko-seli, ambao ni wengi katika nchi yetu, asijilazimishe namna hii bila neno la mganga; kwake yeye kukaukiwa na maji na kupungukiwa na hewa kunaweza kuleta hatari ya kufa. Maumivu ya kifua si ya kushindana nayo. Wengine huhubiri kwamba kila mpaka ni uongo wa akili. Mimi naona maneno hayo yamewaumiza watu. Tena nani atathubutu kumwita Bikila mwoga?

Maana Bikila hakuishia Mexico. Machi 1969 motokari yake ilipata ajali, naye hakutembea tena. Walimpeleka Uingereza kutibiwa, na akiwa katika kiti cha magurudumu alijifunza kulenga kwa upinde na mishale, akashindana na wenzake. Mwaka 1971 alikwenda Norway, akaingia katika mbio za kuendesha kigari kinachoteleza juu ya theluji, yeye mtu wa Ethiopia. Alifariki mwaka 1973, akiwa na miaka 41. Akhwari naye, mwaka 1970, alikimbia tena mbio ndefu huko Edinburgh katika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola, akawa wa tano. Goti lile lilikuwa limepona. Habari hiyo husimuliwa mara chache, nami huipenda kuliko ile ya bendeji.

Julai 2018 nilifika Kipushi, kwa saa 6 na dakika 40. Hakukuwa na uwanja wala watu wa kupiga makofi. Kulikuwa na mwanamke anayeuza mikate, akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, alitazama kiatu changu, akaniongezea mkate mmoja bure.

Tangu hapo huenda kila mwaka wakati wa baridi. Saa zangu bora ni 5 na dakika 10, na sitazamii kuzipunguza. Siku hizi binti yangu wa pili hukimbia mbele, hunisubiri kwenye vivuli, na huhesabu nguzo kwa uaminifu kuliko mimi. Anasema zinapita mia tano. Mimi sijawahi kufika mia tatu bila kupotea kati ya hesabu na Salamu Maria.