Kuandika kwa Moyo Uliotulia

Ndugu zetu kadhaa wanaosoma kurasa hizi wametuuliza mara kwa mara: mtu wa shamba, mwenye nyumba iliyojaa watoto, na jirani asiyengoja hodi yake kuitikiwa, apata wapi utulivu wa kuandika makala kutoka mwanzo hata mwisho? Kwa kuwa siku hizi tumetoka katika kazi ya kuandika iliyotutaka moyo wetu wote, twaona yafaa kulijibu swali hilo kwa yale tuliyoyaona wenyewe.

Migato yetu, ambayo kabla ya mwaka 2012 ilihesabiwa katika Wilaya ya Bariadi, na sasa imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Wakati wa mavuno ukimya hauko. Mikokoteni yapita, penye mizani pana makelele yake, na mgeni aingiapo nyumbani hana habari kwamba mwenyeji wake ameachwa katikati ya sentensi. Walakini hatutaki kumlaumu mgeni. Mgeni ana haki yake, na aondokapo huondoka kweli. Yule anayetuvunjia kazi hakai barazani, bali yumo mfukoni, na ubaya ulioje kwamba yeye ndiye kalamu yenyewe! Wengi wetu hatuna kompyuta, twaandika kwa simu. Basi kalamu, posta, soko na kijiwe vimekuwa kitu kimoja kinachoenea kiganjani. Mtu aifungua apate kuandika neno, naye akutana na bei ya pamba, picha ya arusi ya binamu yake, na ugomvi wa watu asiowajua.

Bibi Gloria Mark, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, Marekani, amewapima watu wanaofanya kazi mbele ya kioo cha kompyuta. Mwaka 2004 aliona kwamba kwa wastani mtu hutulia juu ya jambo moja kiasi cha dakika 2 na nusu kabla ya kuhamia jingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni muda huo umeshuka hata sekunde 47. Mwenziwe, Bibi Sophie Leroy, alieleza mwaka 2009 kwamba mtu aachapo kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake husalia kule alikotoka. (Mwenye kusali huku sufuria iko motoni aijua habari hii bila ya kusomewa utafiti.)

Sasa tueleze kazi yenyewe. Mjane mmoja wa hapa kwetu alitutaka tumwandikie waziwazi fungu la mke katika mirathi, kwa Kiswahili ambacho shemeji zake wangekisikia wasibaki na la kuuliza, kwa kuwa mazungumzo yao yalikuwa yamekwisha kuwa makali. Sheria yenyewe wanavyuoni wameibainisha zamani: mume akifa naye ana mtoto, mke hupata thumuni; akifa hana mtoto, mke hupata robo; na hayo ni baada ya kulipwa madeni na kutimizwa wasia. Maneno ni machache. Lakini tazama: katika ng'ombe 16, thumuni ni ng'ombe 2, na robo ni ng'ombe 4. Sharti moja, yaani "akiwa na mtoto", likiruka kwa sababu simu imelia, ng'ombe 2 wahama zizi. Mwandishi wa mambo kama haya akitawanyika mawazo, anayelipa ni mtu mwingine.

Basi tulifanya hivi. Simu yetu tuliipeleka jioni kwenye duka la mwenye umeme wa jua, ikalala huko ikichajiwa, wala hatukuifuata mpaka jua limepanda. Wako watakaosema: je, kukitokea msiba? Swali hili si la mchezo, maana habari za maziko siku hizi huja kwa simu. Jawabu letu ni kwamba jirani wawili twaliwaarifu, na mwenye msiba ajua mlango wetu ulipo. Tulipokwisha sala ya Alfajiri tuliketi na daftari na kalamu ya wino, na juu ya ukurasa tukaandika swali moja tu: mke apata nini? Kila sentensi isiyolijibu swali hilo haikuwa na haki ya kukaa hapo.

Hapo ndipo ilipotokea taabu ambayo hatukuitazamia. Simu haipo, watoto wamelala, na moyo bado watangatanga! Tena hautangi kwa mambo ya kipuuzi, bali kwa mambo mema: fungu la mama wa marehemu, habari ya eda, na kitabu fulani ambacho ingefaa tukitazame kwanza. Twaona mtego huu ni mkubwa kuliko wa simu, kwani huja umevaa nguo za kazi. Dawa yake tuliipata kwa wachumaji wa pamba. Mchumaji hodari huingia shambani na vyombo viwili, kimoja cha pamba safi na kimoja cha pamba fifi, wala hasimami kila mara kuchambua. Nasi tukaweka karatasi ya pili pembeni. Kila wazo geni lilipokuja tulilitupia huko kwa maneno matatu, kisha tukarudi kwa mke na fungu lake.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipoanza kutoa Sahifa yake mwaka 1930, alitoa karatasi ndogo, na mwaka 1932 akaifuatisha Al-Islah. Yeye alikuwa mwanachuoni mwenye shughuli nyingi za watu, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sisi twadhani udogo wa karatasi ile ulikuwa msaada, kwani karatasi ndogo haina nafasi ya kutangatanga.

Kazi yetu ilikwisha kabla ya chai. Tuliwasomea watu wa nyumbani kwetu kwa sauti, nao wakasikiliza mpaka mwisho, wakauliza: "Na akiwa ameacha wake wawili?" Mjane wetu hana mke mwenziwe, lakini karatasi husomwa na wengi kuliko aliyeiomba. Tukaketi tena, tukaongeza kwamba wake wakiwa wawili hugawana thumuni ile ile moja, na katika ng'ombe wale 16 kila mmoja apata 1. Kisha tukainakili kwa mwandiko mzuri, tukampelekea mjane, na simu tukaipitia njiani.