Kitambaa cha Mama

Kama hujawahi kukaa Voi mwezi wa Februari, jua la hapa usilisimulie. Ifikapo saa saba mchana mbuzi wamejilaza chini ya matatu, na katika darasa letu ukiona daftari linatikisika ujue mwenyewe anajipepea, haandiki. Katika jua hilohilo ndiko Mama hukaanga mahamri karibu na steji, karai la mafuta mbele yake, na kichwani alikuwa akijifunga kitambaa cha uzi wa sweta.

Kitambaa hicho alikifuma marehemu nyanya, aliyeishi Wundanyi, huko juu milimani ambako asubuhi watu hutoka nyumbani na masweta. Kwa Wundanyi kilifaa. Kwa Voi kilikuwa adhabu. Lakini Mama hakukivua, kwa sababu nywele zake za mbele zilikwisha kwa ajili ya misuko ya kukazwa miaka nenda miaka rudi. (Amenikubalia niandike haya, mradi nisizidishe.) Leso aliijaribu, ikawa inateleza kila akiinamia karai. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuuza mahamri steji.

Januari mwaka huu harara ilimjaa kichwani. Usiku nilimsikia akijikuna hadi nikaziba masikio. Daktari alimwambia kichwa kipate hewa. Mama akaitikia, "Ndiyo, daktari," akatoka nje, akajifunga sweta lake, akaenda zake.

Basi nikajifunga kibwebwe. Krosheti nilifunzwa na nyanya wakati wa likizo nikiwa darasa la sita. Nilinunua donge la uzi dukani, rangi ya samawati, nikafuma kitambaa cha pembe tatu kwa siku nne baada ya kazi za shule. Mama alikivaa siku moja, kwa huruma tu. Jioni alikivua kimelowa kama kimetoka mtoni. Nilikuwa nimefuma marvin nyingine!

Kosa langu lilikuwa la aina mbili. Uzi ule ulikuwa wa sweta, ambao hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli; ni ndugu wa plastiki, haunywi jasho. Pamba hunywa jasho. Pili, nilikaza mishono. Wepesi wa krosheti uko kwenye matundu. Ukitumia uzi mwembamba na sindano nene kidogo kuliko inavyotakiwa, mishono inalegea na upepo unapita.

Uzi mwembamba wa pamba sikuupata. Hapo ndipo nilipokumbuka sanduku la nyanya.

Ndani ya sanduku hilo, katika mfuko wa plastiki wa kabla ya marufuku ya mwaka 2017, mlikuwa na vitambaa saba vya makochi: sita vidogo na kimoja kikubwa cha meza. Vyeupe, vya pamba tupu, havijawahi kuwekwa juu ya kochi lolote. Tangu nyanya afariki mwaka 2023 hakuna aliyevigusa. Mimi niliamini ni kumbukumbu yake, kitu cha kutazamwa tu. Nilikaa navyo mapajani kwa muda mrefu. Kisha nikatafuta ncha ya uzi kwenye kimoja, nikaikata, nikavuta.

Sijui kama umewahi kufumua kazi ya mtu aliyekufa. Mstari mzima uliomchukua nusu saa unaisha kwa dakika moja. Nilifika mahali nikakuta fundo, na kutoka hapo uzi ukawa na weupe wa maziwa, si weupe wa chaki. Nilikuwa nikilitazama fundo hilo Mama alipoingia.

"Wewe, unafanya nini?"

Sikuweza kujibu. Uzi ulikuwa umejaa sakafuni kama mie za mkahawani. Mama alikiokota kipande kilichobaki, akakigeuza huku na huku. Nikangoja kofi. Badala yake akacheka, hata akashika mlango.

"Hivi unajua ni vya nani?"

"Vya nyanya."

"Ati vya nyanya! Hivi ni vya mteja. Aliagiza seti nzima, nyanyako akanunua uzi kwa pesa zake, ukamwishia katikati akakopa mwingine. Mteja akahama, hakulipa hata shilingi. Mimi nilikuwa Kidato cha Pili, na pesa hizo ndizo zilikuwa karo yangu ya muhula. Kila akifungua hilo sanduku alikuwa anatukana." Akaniwekea kile kikubwa mapajani. "Fumua na hiki, hicho kimoja hakitatosha."

Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizosukuliwa. Niliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga sehemu nne usivurugike, nikauloweka, nikauanika nikiuning'inizia chupa ya maji uvutike. Kesho yake ulikuwa umenyooka.

Taabu kubwa ilikuwa hii: kitambaa chepesi ni matundu, na matundu yanaonyesha kile Mama anachoficha. Nilifumua mara tatu kabla ya kupata njia. Nilianzia ncha ya kisogoni, nikawa naongeza tundu moja kila upande kwa kila mstari, na huko nyuma na utosini nikaacha matundu wazi kama wavu. Nilipokaribia paji la uso nikafunga matundu, mistari sita ya nguzo zilizosimama bega kwa bega. Ukingo wa mbele una sentimita 50, na kamba za kufungia sentimita 25 kila moja. Mwalimu wa fizikia aliniruhusu kuvipima kwenye mizani ya maabara: kile cha samawati gramu 61, hiki gramu 23.

Mama alijitazama kwenye kioo, akageuza shingo kushoto, kulia, akavuta ukingo kidogo mbele. "Hainioni mtu?" akauliza. Nikamwambia hakuna. Akaenda steji. Harara imepungua, nywele bado, na pengine hazitarudi.

Juma lililopita makanga mmoja mwenye mke mjamzito alinywa chai yake, akakitazama kile kitambaa, akauliza nani fundi. Mama akanionyesha kwa kidole cha unga. Akasema anataka kimoja cha mkewe, atalipa mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema sawa.

"Nusu kwanza," akasema Mama, huku akigeuza mahamri.