Tulivyoanua Matanga Baada ya Miaka 74

Bibi yangu hakukaa eda. Angekaaje, na hakuna aliyekuja kumwambia mumewe kafa? Babu aliondoka Tabora na jeshi la Keya (King's African Rifles) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akamwacha na mtoto mgongoni. Barua ya mwisho ilifika mwaka 1944, ikitoka Bama, Myanmar ya leo. Bibi aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kulia alikataa. Kumlilia mtu ambaye hujaonyeshwa kaburi lake, alisema, ni kumuua wewe mwenyewe.

Mtoto yule ndiye baba yangu. Wenye huruma walimwita yatima, lakini wagawa mirathi wakasema, "Baba yako hajafa, fungu lake linamngoja." Likangoja mpaka likaliwa. Bibi naye akafariki akiwa mke wa mtu.

Nilipoanza kutafuta, ofisi ya kwanza ilinijibu kwamba jina hilo halimo. Ya pili vilevile. Kilichotuokoa ni ile barua: kwenye anwani palikuwa na namba ya jeshi ya babu. Nikaacha jina, nikatafuta namba katika kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ikatoka. Jina lilikuwa limeandikwa jinsi karani Mzungu alivyolisikia. Babu alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw kwa mvua, tope na malaria hadi ikaingia Kalewa, Desemba 1944. Sasa amelala Taukkyan, kaskazini ya Yangon, walikokusanywa waliokuwa wamezikwa porini. Makaburi yanapita 6,000.

Mwaka 2018 nilifika. Nilikuta kibao cha shaba juu ya jiwe fupi, nyasi zimekatwa vizuri. Nikampigia baba simu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwite. Lakini si kwa hilo walilolikosea."

Nikaliita jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Nikasoma Fatiha, baba akaitikia amina kutoka Tabora.

Niliporudi tukasoma khitma ya watu wawili, yeye na Bibi. Ubani ulipozimika baba, mzee wa miaka 75, alijifunika uso kwa kofia yake.

"Leo ndiyo nimekuwa yatima," akasema, akalia mpaka mabega yakatikisika. Hakuna aliyemnyamazisha.

Jioni tukakunja mikeka, tukaanua matanga.