Kwa Mpwa Wangu Aliyechoshwa na Dini

Malindi

Mpwa wangu azizi,

Waraka wako umenifikia, nasi sote ni wazima, ila mamako ambaye goti lake humsumbua kila ivumapo kusi. Umeniuliza, kwa adabu ambayo sikuitarajia kwa mtu mwenye ghadhabu, kama dunia isingalikuwa na salama zaidi lau dini zote zingaliondolewa, ukaniomba nikujibu bila ya kukukemea. Sitakukemea. Mwenye kuuliza swali hili baada ya yale yaliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola mwaka 2023 hastahili karipio, na sisi watu wa Malindi ndio wa mwisho wenye haki ya kumnyamazisha, kwani maiti zile zililetwa hapa kwetu, na jamaa waliotoka bara kuwatafuta watu wao walishinda nje ya hospitali yetu siku nyingi wakingojea kuitwa.

Jawabu jepesi nalijua, na nimelisikia likitolewa mimbarini na redioni: ati wale hawakuwa na dini ya kweli. Jawabu hilo silipendi. Wafu wale, ambao walipita mia nne na watoto wakiwamo, hawakuangamia kwa upungufu wa imani. Waliokwenda kwa hiari yao walikuwa nayo tele, wakasadiki kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kuonana na Yesu. Kila dini ikipewa ruhusa ya kuwakana watu wake baada ya maovu kwisha kutendwa, basi hapana dini itakayopata kushitakiwa kwa lolote.

Wala si lazima twende kwa Wakristo kutafuta ushahidi. Mji huu unaouita kwenu ulihuishwa na Sultani wa Zanzibar katika karne ya 19 kwa mashamba ya mtama na ufuta, mashamba yenyewe yakalimwa na watumwa, na mabwana wa watumwa hao walikuwa watu wa swala tano, wenye kutoa zaka na kufunga Ramadhani, wakiwa na masheikh wa kuwafahamisha halali na haramu. Dini iliyowaambia kwamba kumwacha huru mtumwa ni jambo la thawabu kubwa haikuwaambia, kwa vinywa vya wanazuoni wao, kwamba kumnunua ni haramu. Hata soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873 kwa kuogopa manowari za Waingereza, na huku kwetu utumwa ukaondolewa katika sheria mwaka 1907 tu. Leo wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa husimama safu moja msikitini, na ziko nyumba ambazo hata sasa haziozani. Nakuandikia haya kwa kuwa yamkini hukuyasoma chuoni, na maadam umeazimu kuishitaki dini, ishitaki kwa yaliyo makubwa.

Umetaja Rwanda, nawe una haki. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya Watutsi, watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata na kwingineko, kama wazee wao walivyokimbilia katika machafuko ya zamani wakasalimika, na mara hii wakauawa humo humo. Huko Nyange padri mwenyewe, Athanase Seromba, alikuwa na mkono katika kuliangusha kanisa kwa tingatinga juu ya vichwa vya waumini wake, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikamhukumu kifungo cha maisha mwaka 2008. Walakini katika ukatoliki huo huo, na mwezi huo huo wa Aprili, alikuwako mjini Gisenyi mwanamke aitwaye Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyetoa umri wake kwa utumishi wa dini, ambaye aliwaficha Watutsi, na ndugu yake mwenye cheo jeshini alipomtaka aondoke aokoke, alikataa kuwaacha aliowahifadhi, naye akauawa. Sala yao ilikuwa moja. Nimewafikiri watu hawa wawili muda mrefu nisiweze kumtumia mmoja kumfuta mwenziwe, na nakuomba nawe usijaribu.

Sasa na tulitazame swali lako lenyewe, kwani si la kudhania tu, limekwisha kujaribiwa. Katika Albania, nchi ambayo Waislamu walikuwa ndio wengi na pamoja nao Wakatoliki na Waorthodoksi, mtawala Enver Hoxha alifunga misikiti na makanisa yote mwaka 1967, akajitapa kwamba yake ndiyo dola ya kwanza duniani isiyo na dini, na katiba ya mwaka 1976 ikalithibitisha jambo hilo. Kanisa kuu la Shkodër likageuzwa ukumbi wa michezo. Mwaka 1975 ikatoka amri kwamba wenye majina yasiyopatana na itikadi ya serikali wayabadili. Hebu fikiri, mpwa wangu, ni wangapi mtaani kwetu wangalibaki na jina. Padri mzee, Shtjefën Kurti, alipigwa risasi kwa makosa ambayo miongoni mwake lilikuwamo hili, kwamba alimbatiza mtoto kwa siri. Na katika nafasi iliyoachwa wazi na Mungu haikukaa akili, wala insafu, wala uhuru wa fikra. Alikaa Hoxha mwenyewe, picha yake kila ukuta na maneno yake yasiyojadilika, akaijaza nchi mahandaki ya saruji kumngojea adui asiyekuja. Utawala ulipoanza kulegea, Novemba mwaka 1990, watu wa Shkodër walikusanyika kwa maelfu makaburini kusikiliza misa, na Waislamu wa mji huo wakaufungua msikiti wao mwezi huo huo. Stalin naye, baada ya dola yake kuipiga vita dini kwa miaka karibu 20, alitia swali la imani katika sensa ya mwaka 1937, na zaidi ya nusu ya watu wazima wakajibu, kwa majina yao, katika nchi iliyokuwa ikikamata watu usiku, kwamba wao ni waumini. Sensa ikafichwa na wakuu wake wakatiwa nguvuni.

Utaniambia kwamba wewe hukusudii risasi wala amri, bali wataka dunia yote iwe kama hao Wadenmarki jirani zako, ambao makanisa yao hujaa mkesha wa Krismasi tu, nao wana amani, mahakama zao ni safi, na mgonjwa wao hatozwi fedha hospitalini. Katika hoja zako zote hii ndiyo nzito, wala sina la kuipinga: mtu aweza kuwa mwema bila ya dini, na nchi kadhalika. Ila tazama vizuri, hao hawakuing'oa. Wameiacha polepole, kizazi kwa kizazi, kila mtu kwa wakati wake, na hata hivyo watu wapatao saba katika kila kumi wangali wanachama wa kanisa lao la taifa na kulilipia kodi. Wewe mwenyewe uliniandikia kwa kicheko kwamba jina la binti yako limeingia katika daftari za parokia, kwa kuwa huko kanisa ndilo liandikishalo vizazi na vifo vya watu wote, awe Mlutheri, Mwislamu au asiyeamini kitu. Hao wameiondoa dini katika kutawala, wakaiacha iandike na izike.

Basi mimi huuliza jambo jingine: ni nani, katika kila kundi la watu, liwe la dini au la dola, awezaye kumwambia mkuu wao kwamba amekosea, kisha akalala nyumbani kwake usiku huo? Shakahola hakuwapo. Kabla ya kufundishwa kufa njaa, watu wale walikuwa wamekwisha kufundishwa kuacha shule, kuacha hospitali na kuacha jamaa, hata walipoingia msituni hakusalia shemeji wala mama mkubwa wa kusema neno. Katika Tirana ya Hoxha hakuwapo pia. Kwetu imamu ni jirani. Anadaiwa dukani, tabia zake zinajulikana, na akitoa fatwa ya upuuzi huulizwa barazani kabla ya isha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, aliwalaumu Waislamu wenziwe kwa ujinga na bidaa zao kwa ukali ambao mtu wa nje asingaliuthubutu, na baada ya miaka michache akawa Kadhi Mkuu. Sisemi kwamba tumesalimika. Wako vijana wa pwani hii waliovuka mpaka kwenda Somalia kwa maneno waliyoyasikia katika simu, ya mtu asiye na jirani. Na utumwa, najua, unaitia ufa hoja yangu, kwani pale wenye kuweza kusema walikuwa wengi, lakini wote walikula sinia moja.

Swala usiisali kwa ajili yangu. Mjomba hana pepo ya kumgawia mtu. Lakini wakifa wenzetu huko ugenini, nenda ukaoshe na ukachimbe pamoja na wengine, kwani kumshika maiti miguu hakuhitaji shahada ya chuo wala yakini ya moyo, na swali langu lile uwaulize pia maprofesa wako na wakubwa wa vyama unavyovipenda. Habari hizi za kuichoka kwako dini usimpe mamako kwa simu. Ngoja uje, umweleze ana kwa ana, wala mimi sitakubebea ujumbe huo.

Ama lile uliloliuliza mstari wa mwisho, kama waweza kuuza fungu lako katika shamba la minazi la babu yako: huna fungu, uamini usiamini. Shamba lile ni wakfu wa kisima na wa taa za msikiti, karatasi zake ninazo mimi, na hesabu ya nazi za msimu huu nitakuletea baada ya Idi.

Wasalaam,
Mjombako