Shamba Lina Muhtasari, Mtoto Hana

Barua hii kwa wasomaji wa Iringa inatoka Vancouver, Kanada, na imeandikwa kwa hasira. Majuzi kundi la WhatsApp la ukoo mmoja wa Kilolo lilileta habari kwamba kikao cha baada ya matanga kimekwisha salama. Msimamizi wa mirathi amepatikana, shamba la miti limegawanywa, hata bati zilizobaki stoo zimehesabiwa. Mwishoni kabisa ikafuata sauti ya mtu akisema binti wa marehemu, wa miaka 12, "amepatiwa sehemu" Dar es Salaam. Sehemu gani, kwa nani, na je, atasoma? Mwandishi wa barua hii, ambaye naye ni wa ukoo huo, aliuliza. Akajibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Ukoo huo si wa watu wabaya. Ni watu ambao msiba ukitokea Ilula wanafika usiku huohuo, unga na kuni vikiwa vimefungwa kwenye bodaboda. Wanajua kubishana kutwa nzima, kikombe cha ulanzi mkononi, juu ya mpaka wa miguu miwili ya shamba. Wanajua pia kuandika. Mahakama ya Mwanzo kwa mazoea hutaka muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi, basi muhtasari huandikwa, husainiwa na kupigwa muhuri. Shamba lina muhtasari. Mtoto hana.

Huku British Columbia, jimbo lenye Vancouver, afisa wa ustawi akimwondoa mtoto nyumbani kwao, ndani ya siku 7 suala hilo lazima lifike mahakamani. Wakili anayesimama upande wa serikali huja na makaratasi: mtoto ameondolewa kwa sababu gani, hatua zipi nyepesi zilifikiriwa kwanza, na sasa yuko wapi. Mtoto akiwa wa watu wa asili, yaani wale waliokuwepo kabla Wazungu hawajafika, karatasi huongezeka. Sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020 inadai wazazi na uongozi wa jamii yake wapewe taarifa kabla ya kuchukuliwa hatua yoyote kubwa. Kifungu cha 15 kinakataza mtoto kuondolewa kwa sababu ya umaskini peke yake. Kifungu cha 16 kimepanga foleni ya walezi: mzazi, kisha ndugu mtu mzima, kisha mtu wa jamii yake, kisha mtu wa jamii nyingine ya asili, na mgeni kabisa awe wa mwisho. Hakimu anaweza kumgeukia wakili wa serikali na kumuuliza shangazi wa mtoto alitafutwa lini na alijibu nini.

Utaratibu huo haukuzaliwa na wema. Serikali ya Kanada ndiyo iliyozivunja koo za watu wa asili. Kwa zaidi ya miaka 100, watoto wapatao 150,000 walipelekwa katika shule za bweni za serikali na makanisa, wakazuiwa kusema lugha za mama zao. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Kabla hazijaisha wakaja maafisa ustawi, hasa katika miaka ya 1960, wakachukua maelfu ya watoto na kuwagawa kwa familia za Wazungu, wengine wakaishia Marekani. Kidonda hakijafunga. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wa asili walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa chini ya miaka 15, lakini walikuwa asilimia 53.8 ya waliokuwa wakiishi kwa walezi wa kambo.

Watu wa Splatsin, jamii ya asili katika jimbo hilihili, walichoka mapema. Mwaka 1980 chifu wao, Wayne Christian, ambaye naye alilelewa mbali na kwao, aliongoza baraza lake kutunga sheria ndogo ya kuwalea watoto wao wenyewe. Oktoba ya mwaka huo msafara wa watu wa asili ukaingia Vancouver, wakaandamana hadi nyumbani kwa waziri aliyehusika, Grace McCarthy. Waziri akakubali sheria yao ifanye kazi. Watu wale walidai haki ya kukaa kikao juu ya watoto wao.

Mawakili wa serikali wamesimama pande zote mbili za mapambano haya. Mwaka 2007 Cindy Blackstock, mtetezi wa watoto, na chama cha machifu walilalamika kwamba serikali inatoa fedha pungufu kwa huduma za watoto wa asili. Kwa miaka mingi mawakili wa serikali walilipinga lalamiko hilo. Mwaka 2016 baraza la haki za binadamu likaamua kwamba huo ulikuwa ubaguzi, na mwaka 2023 mahakama ikapitisha fidia ya dola za Kanada bilioni 23.34. Katika kesi nyingine, serikali ya Quebec ilienda mahakamani kuipinga ile sheria mpya ya watoto, na safari hii mawakili wa serikali kuu wakasimama kuitetea. Tarehe 9 Februari 2024 Mahakama ya Juu iliithibitisha yote.

Sasa tazameni Iringa. Shangazi, mjomba, baba mdogo na mama mkubwa, ambao Kanada inawatafuta kwa mabilioni, wamejaa kwenye kikao kimoja uani. Utafiti wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya VVU mkoani yakizidi asilimia 11 kwa watu wazima, Njombe pekee ikitangulia, na kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kupita miaka ambayo vijiji vingi vilizika kila wiki. Bibi zetu ndio waliowabeba yatima wa miaka ile, kwa kulima vinyungu, bustani za mabondeni, na kuuza nyanya barabarani. Hakuna serikali iliyowalipa. Heshima yao haiwezi kuandikwa ikatosha.

Lakini kutoka kwenye koo hizohizo ndiko mabinti wanakopandishwa mabasi ya Dar kwenda kulea watoto wa watu. Kila mtu anajua, na kila mtu huita jambo hilo kusaidiwa. Mtoto wa miaka 12 anayeamka saa kumi alfajiri kufua nguo za watu wasio ndugu zake amepotezwa na ukoo wake mwenyewe, bila afisa yeyote wa serikali kubisha hodi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka umri wa kuanza kazi kuwa miaka 14, tena kazi nyepesi. Kifungu cha 10 kinakataza mtoto kunyimwa matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Kumgawia baba mdogo shamba na kumpeleka binti wa marehemu jikoni kwa watu ni kumwibia, hata kama kikao kilifunguliwa kwa sala.

Basi kikao kijacho kianze na watoto, mashamba yangoje. Muhtasari utaje kila mtoto kwa jina, mlezi wake, mahali atakapoishi, shule atakayosoma, anayelipa, na ndugu atakayekwenda kumtazama kila likizo. Upande wa mama ukae kikaoni, usiishie kupika. Mtoto mwenyewe aitwe, aulizwe. Huku mtoto wa miaka 12 hupewa rasmi taarifa ya shauri lake. Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya kifo vya wazazi vikae kwa mlezi, si kwa anayeshika hati ya shamba. Nakala iende kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii. Ndugu asipopatikana kabisa, afisa huyo aulizwe kuhusu walezi wa kuaminika. Jirani akiona mtoto anateswa, kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka atoe taarifa. Simu 116 ni ya bure, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Nao walioko ughaibuni walipe ada shuleni moja kwa moja na kudai risiti.

Limebaki la halmashauri. Mwanasheria wa halmashauri hujulikana kwa mikataba na migogoro ya viwanja, ilhali kifungu cha 94 cha sheria hiyohiyo kimeipa halmashauri yake jukumu la kulinda ustawi wa watoto wote wa eneo lake. Mwanasheria wa Kilolo, wa Mufindi au wa Iringa Vijijini aketi na afisa ustawi, waandae fomu ya ukurasa mmoja: majina ya watoto, jina la mlezi, shule, sahihi ya pande zote mbili za ukoo. Kisha waiombe Mahakama ya Mwanzo iitake fomu hiyo pamoja na muhtasari wa mirathi, kila marehemu anapoacha mtoto wa chini ya miaka 18. Madiwani waipeleke kwenye kikao chao kijacho, na watenge fedha za mafuta ya pikipiki ili afisa ustawi afike vijijini kumwona mtoto mwenyewe.