Majilio mu Mwezi wa Mitihani



Mwezi wa kumi na mbili umeingia. Mu kapela tunaambiwa kwamba haya ni majuma ya Majilio, ile wengine wanaita Aventi, ni kusema wakati wa kungojea kuja kwa Bwana. Lakini mu enterna na mu madarasa tunangojea nini? Sisi mafinaliste tunahesabu kurasa za fizike ambazo hazijaingia mu kichwa. Wadogo wa darasa la kwanza wanaogopa bulete. Korale inaimba asubuhi na magaribi, na waimbaji wengine wanasinzia wakisimama. Wale wa mbali wanawaza franga za njia. Na kila mutu anajua ile saa mutumishi wa ofisi anaingia na liste mukononi, darasa lote linanyamaza. Ni majina ya wale ambao hawajamaliza minervali. Anayeitwa anafunga kayee yake, anatoka. Na mitihani iko juma lijalo.

Basi wengi wanatuuliza sisi wakubwa wa wanafunzi: “Majilio hii tutaifanya saa ngapi? Tumalize kwanza mitihani, tutamuwaza Yesu tukifika ku nyumba.” Sisi tunaona mawazo haya hayafai, na tunataka kueleza juu ya nini.

Kwanza neno lenyewe. Aventi inatoka mu Kilatini, adventus, maana yake kuja. Inaanza siku ya Mungu ya ine mbele ya Noeli, kati ya tarehe 27 ya mwezi wa 11 na tarehe 3 ya mwezi wa 12. Kwa hiyo mwaka mwingine inapata siku 22, mwaka mwingine inafika 28. Makanisa mengine ya ndugu zetu Waprotestanti hayafuati hesabu hii, na si zambi. Habari ya kungojea iko mu Biblia ya wote.

Sasa tufungue Injili ya Luka, sura ya 1 na ya 2. Watu wengi wanawaza kwamba Noeli ya kwanza ilikuwa ya kimya na raha. Hapana. Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikwe majina. Na Waroma walikuwa wakiandika watu kwa ajili ya kodi. Ni kusema, Yosefu naye jina lake lilipashwa kuingia mu liste. Akatoka Nazareti mpaka Betelehemu, njia ya milima, zaidi ya kilometa 100, na Maria alikuwa na mimba. Walipofika, nafasi ya kulala ikakosa. Mungu hakungoja watu wamalize kodi na safari ndipo amutume Mwana wake. Alimutuma siku zilezile za liste. Kama Yesu alizaliwa mu wakati wa namna hiyo, kwa nini sisi tuseme hawezi kutufikia mu juma la mitihani?

Lakini musituelewe vibaya. Hatusemi taabu ni kitu kizuri. Kumwambia mwenzako aliyefukuzwa “Mungu anajua”, kisha wewe unaenda kula bukari yako na maharagi, hiyo si Majilio. Tazameni Maria. Alipopata habari ile kubwa na nzito, hakujifungia mu nyumba. Alienda mbio kwa Elizabeti, mama muzee ambaye naye alikuwa anangojea mutoto, akakaa naye karibu miezi mitatu. Mwenye kungojea alimutafuta mwenzake mwenye kungojea.

Kuna pia mufano mwingine, wa shule. Mu muji wa Hamburg, mu Ujerumani, Mchungaji Johann Hinrich Wichern alifungua mwaka 1833 nyumba ya kulelea watoto maskini, jina lake Rauhes Haus. Kila mwaka watoto walikuwa wakimusumbua na ulizo moja: Noeli itafika lini? Mwaka 1839 akatwaa gurudumu la mukokoteni, akaweka juu yake mishumaa mikubwa myeupe 4 kwa siku za Mungu, na midogo myekundu kwa siku za kazi. Kila siku waliwasha mumoja tena. Ndiyo mwanzo wa ile duara ya mishumaa mine ambayo makanisa mengi yanaweka leo.

Sisi tunapenda kitu kimoja mu habari hii. Yule mchungaji hakuweza kupunguza siku. Aliipa kila siku mwangaza wake. Hata siku ya kazi, hata siku ya tatu ambayo haina sikukuu. Na Bwana Yesu mwenyewe, mu Mathayo sura ya 6, anatukataza kubeba leo mahangaiko ya kesho. Basi mutihani wa leo ni wa leo. Ule wa historia usikuondolee usingizi wakati unangojewa na ule wa hesabu. Lakini musitwae neno hili kwa kuacha masomo: mutu anayeomba usiku kucha na hakufungua kayee, asimutupie Mungu lawama ya bulete.

Kwa hiyo tumepatana mambo mawili kati yetu mafinaliste. Moja: kila mwanafunzi anayetoka kwa sababu ya minervali, mwenzake mumoja atamwandikia masomo yote, na kumufikishia kayee. Pili: kila magaribi, kisha chakula, saa moja nzima tutakaa na wadogo wa darasa la kwanza na la pili kwa hesabu na Kifaransa. Hata umeme ukikatika, tochi za telefone ziko.

Na kwenu walimu wetu na Bwana Prefe, tunaleta ombi moja kwa heshima. Tunajua ninyi pia munangojea. Feza ya wazazi ndiyo inasaidia kulisha nyumba zenu, na muna watoto kama baba zetu. Hatuombi minervali iachwe. Tunaomba tu kwamba juma la mitihani liste isisomwe mbele ya darasa. Mwenye deni aitwe pembeni, aelezwe, na kama inawezekana aandike kwanza mutihani wake. Bulete ibaki ku ofisi mpaka muzazi afike. Mutu anaweza kudaiwa bila kupata haya mbele ya wenzake.

Ndugu na dada, Noeli itafika, tukiwa tayari ao hapana. Kila mutu amutafute leo mwenzake mumoja anayengojea kitu kigumu, akae naye. Tunawatakia wote mitihani mizuri na Noeli ya amani.